Sherehe za Mama wa Kwenye Simu

Mwaka huo ilikuwa zamu ya mwezi. Fundi Rangi aliuegemeza ubao ukutani, akachovya brashi kwenye kopo la rangi nyeusi, akaanza kuwafuta samaki wa mwaka uliopita.

"Samaki wangu jamani," alilalamika. "Nimehangaika nao wiki nzima, leo nawazika kwa mkono wangu mwenyewe."

"Zika haraka," mkewe akamjibu kutoka jikoni. "Dada anafika kesho na mwezi wako bado haujaandama."

Ubao ule ulikuwa umebeba mengi. Chini ya samaki kulikuwa na hema la sarakasi, chini ya hema kulikuwa na bustani yenye nyuki wakubwa kuliko maua, na chini kabisa treni ya mwaka wa kwanza, ambayo Fundi Rangi aliichora bila kuwahi kupanda treni hata siku moja. Yote hayo yaliagizwa na mtu mmoja, dada huyo aitwaye Yaya, kwa simu, kutoka nchi ya watu alikokuwa akilea mtoto wa watu. Kila siku ya kuzaliwa ya bintiye ilipokaribia, Yaya alipiga simu akapanga: mwaka huu nataka bustani, maputo yawe ya kijani, keki iwe na nyuki juu, watoto wote wavae maua kichwani. Gauni alilituma mwenyewe kwa mkono wa mtu anayerudi. Huku nyumbani mdogo wake aliitikia "sawa dada, sawa dada," na siku ikifika simu iliwekwa juu ya kabati, Yaya akaonekana mle ndani akilia na kucheka kwa pamoja, mtoto akasimama mbele ya ubao akasema maneno yake. Watoto wa ile nyumba ya kupanga walimwita Mama wa Kwenye Simu. Hawakuwa na ubaya wowote, ndivyo walivyomjua.

Sasa Mama wa Kwenye Simu alikuwa anakuja kwa miguu yake mwenyewe. Ungedhani nyumba itashangilia. Wapi! Nyumba iliingiwa na homa.

Mdogo wake Yaya, mkewe Fundi Rangi, alikuwa dobi wa hospitali, na jina la kazi lilikuwa limemganda mpaka nyumbani. Mikono yake ilikuwa imechunika kwa dawa ya shuka. Aliifuta kwenye kanga, akamwita msichana aliyekuwa ameketi mlangoni akimsuka mwanasesere.

"Chiriku. Akifika utamwambiaje?"

"Shikamoo mama."

"Na mimi utaniita nani akiwa hapa?"

Msichana akafikiri. "Mama mdogo."

"Ehee."

"Nikisahau?"

"Usisahau."

Kibonge, binti wa Dobi mwenyewe, alikuwa na mdomo uliojaa mkate. "Na mimi mama yangu nimwite nani?"

"Wewe tafuna," baba yake akamwambia.

Chiriku alipewa jina hilo na mama yake, kabla hajaondoka, kwa sababu siku alipojua kusema hakunyamaza tena. Aliongea na kuku, akaongea na ndoo, akaongea usingizini. Sasa alikuwa msichana mrefu wa maneno machache, ukimwuliza jambo anakujibu kwa mabega. Jina halikumfaa tena, lakini Yaya hakulijua hilo, maana kwenye simu kila mtoto ana haya kidogo. Baba yake Chiriku alikwishaoa kwingine, na habari zake tumwachie mwenyewe.

"Na gauni?" Fundi Rangi akauliza kwa sauti ya chini.

"Analileta mwenyewe. Mkononi."

Fundi Rangi akaacha kupaka. "Basi mama, tumekwisha."

*

Yaya alishuka kwenye teksi na sanduku moja kubwa na viatu vyeupe ambavyo vumbi la pale halikuvisamehe. Ua mzima ulikuwa umetoka nje. Msusi wa chumba cha mbele, mwanamke asiyepitwa na jambo, alikuwa na kichwa cha mteja mapajani na nywele bandia mdomoni, macho yote mlangoni.

Njia nzima Yaya alikuwa akijifunza namna ya kumkumbatia mwanawe. Alijua atapiga goti, atafungua mikono, mtoto atakuja mbio na kichwa kitamfikia kifuani. Akapiga goti kweli. Dobi akamsukuma Chiriku kwa kiganja. Chiriku akasogea, akasimama.

"Shikamoo, Mama Mkubwa."

Hakukusudia. Lakini ndani ya nyumba ile Yaya alitajwa kila siku kwa jina hilo, Kibonge akiuliza Mama Mkubwa atatuma nini, Fundi akiuliza Mama Mkubwa kasemaje, na mdomo wa mtoto hufuata njia inayopitwa kila siku. Msusi akatema nywele bandia.

"Mama Mkubwa tena! Makubwa haya!"

"Marahaba mwanangu," Yaya akajibu upesi, kama mtu aliyejikwaa akaendelea kutembea. Akamvuta mtoto. Alikuwa amepiga goti, na mtoto alikuwa mrefu kiasi kwamba ilimbidi ainuke tena ndipo wakumbatiane vizuri. Mikono yake ilijipanga kwa kimo kingine, ikakosa mahali pa kushika. Chiriku alisimama wima mpaka alipoachiwa.

Yaya alicheka sana jioni ile. Alisifia nyumba, akasifia chai, akausifia mwezi wa Fundi Rangi mpaka Fundi akaona haya. Lakini aliona mengi. Aliona kwamba Chiriku akitaka maji anamtazama Dobi. Aliona kwamba Dobi hupita nyuma ya mtoto na kumrekebisha kola bila kusimama, mkono unajua wenyewe kola iko wapi. Aliona wivu moyoni mwake na akauonea aibu, maana aliyemlelea ni mdogo wake wa tumbo moja, si mwizi.

Jambo moja hakumwambia mtu. Hakuja likizo. Alikuwa amekwishaaga kule kazini moja kwa moja, na mtaa wa pili kutoka pale alikwishapangishiwa chumba na dalali, chumba chenye dirisha na vitanda viwili. Alikusudia kulitangaza siku ya sherehe, keki ikishakatwa, mbele ya watu: mwanangu, kuanzia leo tunakaa wote. Mwezi, nyota, gauni la fedha, vyote vilikuwa utangulizi wa maneno hayo. Miaka yote alipanga sherehe ambazo hakuhudhuria. Hii aliipanga iwe ya kumrudishia mtoto.

*

Asubuhi ya sherehe Dobi alimzunguka dada yake kama paka jikoni.

"Dada, nipe hilo gauni nilipige pasi."

"Nimekwishalipiga."

"Safari ndefu, litakuwa limejikunja."

"Nimelikunja kwa karatasi. Halina hata mkunjo."

"Basi nilipeperushe kidogo, lipate hewa."

"We mtoto una nini na gauni langu?" Yaya akacheka. "Ni la kushtukiza. Ataliona akivaa."

 Alichotaka Dobi ni dakika chache tu na mkasi. Tangu mwaka wa bustani hakuna gauni hata moja lililomwenea Chiriku. Msichana alirithi mifupa mirefu ya upande wa baba yake. Magauni yalikuja mafupi na mabega finyu, kila mwaka, bila kukosea. Dobi alikuwa akifumua mshono wa mgongoni kutoka shingoni hadi kiunoni, akambana mtoto kwa pini mbili tatu, akamwambia: simama hapa, mgongo ukutani, usigeuke. Simu iliona mbele tu. Mbele palikuwa pazuri sana. Ua mzima ulilijua jambo hilo isipokuwa mwenye kununua.

Adhuhuri wageni walianza kukusanyika uani, watoto wa jirani wakiwa na nyota za karatasi kwenye paji la uso. Chumbani, Yaya alifungua sanduku akatoa gauni. Lilikuwa la rangi ya fedha, lenye mikono mipana na shanga ndogo ndogo kifuani, kazi nzuri jamani, usiibeze. Chiriku alilitazama kwa adabu.

"Inua mikono," Yaya akamwambia. Alikuwa amelitamani tendo hilo dogo kuliko sherehe yenyewe.

Chiriku akainua mikono. Gauni likapita kichwani, likashuka mpaka mabegani, likagoma. Yaya akavuta taratibu. Likagoma. Akajaribu upande wa kulia, halafu wa kushoto. Mtoto alisimama mikono juu, uso umefunikwa na fedha. Kisha, kutoka ndani ya kitambaa, kwa sauti ya mtu aliyezoea, akaita:

"Mama, leta mkasi."

Hakuwa akimwita Yaya. Dobi, aliyekuwa mlangoni na sinia la vikombe, hakusogea.

"Mkasi wa nini?" Yaya akauliza.

"Wa kufungua mgongo," Chiriku akajibu. "Kama siku zote."

 Nje mtoto mmoja alipasua puto, wenzake wakapiga kelele.

"Tangu lini?" Yaya akamwuliza mdogo wake.

"Dada, wageni wapo nje."

"Nimekuuliza tangu lini."

"Tangu bustani."

"Mbona picha..."

"Picha za mbele, dada. Nani hupigwa picha ya mgongo?"

"Na wewe miaka yote hiyo ukanyamaza. Ukaniacha ninunue, nitume, nijisifu kwa watu! Umenifanya kichekesho kwenye ua huu."

"Nilitaka kukwambia!" Dobi akaliweka sinia chini, vikombe vikalia. "Mwaka ule nilikuwa nimeshika simu, mdomo nimeufungua. Wewe ukasema, tazama lilivyomkaa, namjua mwanangu, hata nikiwa mbali namjua. Ukalia. Ningesemaje hapo? Haya, ungekuwa wewe ungesemaje?"

"Ningesema kweli."

"Thubutu! Wewe huyo huyo?" Dobi akajifuta macho kwa mgongo wa mkono. "Na mimi nikuulize. Ulikuwa ukimpima nani?"

Yaya akaketi kitandani. 

"Yule wa kule," akasema mwishowe.

Mtoto wa tajiri wake alizaliwa mwezi mmoja na Chiriku. Kila mwaka kule nyumbani kwa tajiri walikuja watu wa kupamba, na Yaya aliwasaidia kufunga maputo, akaona kila kitu, akakichukua kichwani akampangia wa kwake. Gauni alilinunua siku yake ya mapumziko, akalijaribisha kwa yule binti mama yake akiwa kazini. Umri ni mmoja, aliwaza, na mwili ni mmoja. Ndilo kosa lake, na usimcheke, maana hakuwa na mwili mwingine wa kujaribishia.

"Nilimwambia asimame wima anyooshe mikono," Yaya akasema. "Halafu nikawa nafumba macho, najifanya ni huyu."

Dobi akainama, akaanza kupanga vikombe kwenye sinia.

"Samahani," sauti ya Chiriku ikatoka ndani ya gauni. "Naweza kulivua? Mikono imechoka."

*

Dobi alitoka kuwatuliza wageni. Yaya akabaki na bintiye, akamsaidia kulitoa lile gauni, akalitundika kwenye msumari. Chiriku akavaa gauni lake la bluu la kila siku, lililopauka mabegani, ambalo halikumbana popote. Akaketi kitandani, si karibu sana na mama yake, wala si mbali.

"Yule wa kule naye alifanyiwa mwezi?" akauliza.

"Ndiyo. Kabla sijaondoka."

"Ulikuwepo?"

"Nilikuwepo."

"Na kwenye samaki?"

"Nilikuwepo."

"Zote?"

Yaya alitamani kudanganya, na kwa mara ya kwanza alimwelewa mdogo wake. "Zote, mwanangu. Ilikuwa kazi."

Chiriku akachezea uzi wa shuka. "Sisi tulikuwa hatuli keki mpaka upige simu. Siku nyingine ulikuwa unachelewa. Kibonge alikuwa analia."

"Nilikuwa nasubiri wageni wao waondoke ndipo niruhusiwe kushika simu."

"Ndivyo tulivyoambiwa." Akauvuta uzi. "Yule wa kule anakuita nani?"

"Yaya."

"Basi?"

"Siku moja alikosea akaniita mama. Nikamsahihisha."

"Kama mama anavyonisahihisha mimi," Chiriku akasema, kisha akajiziba mdomo kwa viganja vyote viwili.

Yaya alimshika mkono akautoa mdomoni taratibu. Alitaka kusema si kitu, lakini kilikuwa kitu kikubwa sana. Iliuma. Akamwambia twende nje, watu wana njaa.

*

Sherehe ilifanyika, na watoto walifurahi, maana watoto wakiona keki hawaulizi nani amekasirika. Fundi Rangi alisimama karibu na ubao wake akipokea dhihaka.

"Fundi, mwezi wako umevimba upande mmoja."

"Umeshiba huo. Umekula samaki wote."

Msusi alimkagua Chiriku kuanzia juu hadi chini. Akamgeuza kwa bega, akamtazama mgongo, akamgeuza tena. "Leo hakuna pini? Afadhali, mtoto wa watu apumue," akasema kwa sauti ya kusikika na kila mtu. Wanawake wawili wakaangalia vikombe vyao. Yaya alitabasamu kwa meno, akaendelea kugawa juisi. Sasa alijua kwamba kila mwaka, alipokuwa akilia kwa furaha ndani ya simu, watu hawa walikuwa wamekaa pembeni ya ubao wakiona upande wa pili.

Ukafika wakati wa keki. Chiriku akaenda mwenyewe mbele ya ubao, akaubana mgongo ukutani kwa mazoea, ingawa gauni la bluu halikuwa na tundu lolote. Akanyoosha shingo. Akamtazama Yaya, akatabasamu lile tabasamu la pembeni ambalo Yaya alikuwa nalo kwenye simu yake, mwaka kwa mwaka, na akasema kwa sauti ya kusoma:

"Asante sana mama, nimefurahi sana, nakupenda sana, urudi salama."

"Si amesharudi!" Kibonge akapaza sauti, na watoto wote wakaangua kicheko.

Watu wazima nao wakacheka kidogo. Yaya hakucheka. Maneno yale ndiyo yaliyomweka hai kule. Aliyasikiliza akipiga pasi, akayasikiliza akiosha vyombo vya wageni wa watu, akalala nayo. Leo aliyasikia kwa karibu, akaona kile ambacho simu haikuwahi kumwonyesha: Chiriku alipomaliza kusema hakumtazama yeye, alimtazama Dobi, kuona kama amepatia. Dobi alikuwa anatikisa kichwa polepole, machozi yanamtoka. Mtoto akadhani amekosea.

Yaya hakutangaza lolote. Aliikata keki, akahakikisha kila mtoto kapata, akajibu waliomwuliza anarudi lini kazini kwamba tutaona. Chumba chenye vitanda viwili kilimkaa kifuani mchana wote.

*

Wageni walipoondoka dada wawili walikwenda bombani kuosha vyombo. Jua lilikuwa bado linawaka. Dobi alisugua, Yaya akasuuza, kama walivyokuwa wakifanya utotoni kwa mama yao.

"Sirudi kule," Yaya akasema.

"Alhamdulillahi!" Dobi akageuka na povu mikononi. "Mbona hukusema? Tutabanana hapa hapa, Fundi atalala na..."

"Nimepanga chumba. Mtaa wa pili."

"Ah, karibu tu. Vizuri."

"Chenye vitanda viwili."

Dobi alielewa. Sahani ikamteleza, ikazama kwenye beseni, na hakuitafuta. Alikaa juu ya ndoo iliyopinduliwa.

"Unamchukua."

"Ni mwanangu, mdogo wangu."

"Najua ni mwanao. Nani kasema si wako? Nimemwambia kila siku iliyokuja duniani kwamba ni wako." Akavuta makamasi. "Hapendi dirisha wazi akilala. Na akiumwa haambii mtu, anajikunja tu pembeni, lazima umguse paji. Utajuaje mambo hayo?"

"Nitajifunza."

"Utajifunza," Dobi akakubali, na akaanza kulia waziwazi, mkono mdomoni, asisikike ndani.

Alisikika. Chiriku alikuwa amesimama nyuma yao na rundo la vikombe vya plastiki, amesikia yote. Aliviweka chini kimoja kimoja, akivipanga kana kwamba jambo hilo ndilo lilikuwa muhimu. Kisha akamwuliza Dobi, si Yaya:

"Nimekosea maneno?"

"Maneno gani, mama yangu?"

"Ya keki. Nilisema urudi salama na yeye amesharudi. Nilisahau kuyabadilisha." Akaanza kusema haraka, mbio mbio, zaidi ya alivyosema siku zote tangu Yaya afike. "Naweza kusema tena. Tuite watu, nitasema vizuri, nitavaa lile la fedha, likifunguliwa nyuma litaingia, sitageuka. Msinihamishe tu. Sitasahau tena kumwita mama, nitamwita mama kila mara, wewe nitakuita mama mdogo hata ukiwa peke yako."

Hapo Yaya alisikia Chiriku wake wa zamani, yule asiyenyamaza. Alikuwa ameitamani sauti ile miaka yote, na sasa ilikuwa inamwomba asimchukue.

Mtu mwingine angesema damu ni damu, mtoto atazoea. Wako waliomwambia hivyo baadaye, Msusi akiwa wa kwanza. Mimi sijui. Ninachojua ni kwamba Yaya alikuwa amelea mtoto, ijapokuwa wa watu, na alijua mtoto anayedeka anavyoongea na mtoto anayeogopa anavyoongea. Alichuchumaa pale kwenye tope la bomba kwa viatu vyake vyeupe.

"Hujakosea neno hata moja," akamwambia. "Sikiliza. Hakuna anayekuhamisha. Utakaa hapa hapa na Kibonge na... na mama. Mwite hivyo hivyo. Mimi nitakuwa mtaa wa pili. Siku ukijisikia, uje."

"Nisipojisikia?"

"Usije."

Chiriku akamkagua usoni, akitafuta ukweli uko upande gani. "Na wewe hutalia?"

"Nitalia," Yaya akasema. "Lakini hilo si kosa lako."

Msichana akaitikia kwa kichwa. Akachukua vikombe vyake, akarudi ndani. Dobi akamshika dada yake mkono kwa mikono yake yenye povu, wakakaa hivyo, wala hakuna aliyemshukuru mwenzake.

*

Yaya alihamia chumba cha dirisha. Alipata kibarua cha kupiga pasi kwenye duka la kufulia nguo, akanunua jiko, sufuria, pazia. Vitanda vyote viwili alivitandika. Wiki ya kwanza hakuja mtu. Ya pili alikuja Fundi Rangi, akampakia ukuta rangi ya maziwa, akakataa kulipwa, akaondoka akisema mtoto hajambo, anasoma.

Halafu ikaja alasiri moja, Yaya anakata vitunguu, akasikia viatu vya shule vinakuja kwenye korido. Vilikuja, vikapunguza mwendo, vikasimama mlangoni. Mlango ulikuwa wazi.

"Hodi," Chiriku akasema.

Kisu kikasimama. Mtoto hapigi hodi kwao. Kwao huingia tu, hutupa begi kitandani, huuliza kuna nini cha kula, hugombezwa. Kibonge hajapata kupiga hodi kwa mama yake hata siku moja. Yaya alitaka kupiga kelele, ingia mwanangu, hapa ni kwenu, hodi ya nini! Neno lilifika mpaka kwenye meno. Lakini kwao ni mtaa ule mwingine, na wote wawili walilijua hilo, na hodi ile ilikuwa ya adabu na ya kweli kuliko yote aliyowahi kuambiwa na mtoto huyu.

Akafuta mikono, akajitengeneza uso.

"Karibu," akasema, kama asemavyo mtu kwa mgeni.

Chiriku akavua viatu, akavipanga nje ya mlango, ncha zikielekea barabarani. Akaingia. Akaona kitanda cha pili, akakikwepa kwa macho.

"Nisikae sana," akasema. "Mama ananisubiri."

"Haya, usikae sana," Yaya akamjibu, akaenda kumvutia kiti.